Ndege ya abti na bawa lililopinda

Najua niliahidi sehemu ya pili ya yale makala ya hifadhidata. Itakuja, msinune. Leo naomba niwaeleze kitu kilichokula jioni zangu karibu mwaka mzima hapa Garissa. Si programu, si simu mpya. Ni ndege ya mbao. Na kabla hujauliza: hapana, si droni. Ni ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, yenye mbavu za mbao kama samaki, na umbo lake lilibuniwa mwaka 1946, kabla baba yangu hajazaliwa.

Yenyewe si yangu. Ni ya abti.

Kwa wasiojua Kisomali, abti ni kaka yake mama. Utamu wa neno hilo ni kwamba linakwenda pande zote mbili: mimi namwita abti, naye ananiita abti. Abti wangu alikulia hapa hapa Garissa, na utotoni alichapwa zaidi ya mara moja kwa kuwaacha mbuzi na kwenda kukaa karibu na uwanja wa ndege kutazama ndege zikitua. Baadaye maisha yakampeleka Uingereza, mji wa Leicester, akaendesha teksi. Mwaka 2008, kwenye soko la Jumapili la vitu vilivyotumika, akaona boksi refu lenye picha ya ndege juu yake. Ndani mlikuwa na vipande vyote vya kujenga ndege, havijaguswa. Akalipa, akaliweka chini ya kitanda, akasema ataijenga akipata nafasi.

Mnajua nafasi ya mwendesha teksi. Miaka 14 ilipita. Alipopata nafasi, mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Madaktari walimwambia ni ugonjwa wa Parkinson.

Desemba 2022 alikuja nyumbani na lile boksi. Tukalifungua juu ya mkeka, yeye, mimi na binti yangu wa miaka tisa. Abti akajaribu kuokota ubavu mmoja wa bawa, kipande chembamba kama biskuti, ukavunjika vidoleni mwake. Hakusema kitu. Akavisukuma vipande viwili kwangu na kusema, "Abti, wewe unajua kompyuta. Hii nayo itakushinda? Nikirudi Januari 2024 nataka kuirusha."

Nikasema inshallah. Ile inshallah ya kweli, si ile ya kumkwepa mtu.

Sasa nieleze ni kitu gani hasa. Ndege hii inaitwa Junior 60. Ilibuniwa na Mwingereza Albert Hatfull kwa ajili ya kampuni ya KeilKraft. Ile 60 ni upana wa mabawa kwa inchi, yaani kama sentimita 152. Boksi la abti halikuwa la 1946 lenyewe, lilikuwa toleo la miaka ya baadaye, lakini ramani ni ile ile. Mbao zake ni balsa, mti unaotoka Amerika ya Kusini, hasa Ekwado. Mita moja ya ujazo ya balsa ya kawaida ina uzito wa kilo kama 160 tu, ilhali maji ya ujazo huo ni kilo 1,000. Ukiishika mkononi unadhani mtu anakutania.

Shika jambo moja, maana habari yote imesimama juu yake: Hatfull hakuibuni ndege hii iongozwe na mtu. Ilibuniwa ijirukie yenyewe. Unawasha injini, unaiachia, unaikimbilia. Kwa hiyo ilibidi iwe na akili yake. Mabawa yamekunjwa juu kama herufi V iliyopanuliwa sana. Ikiinama upande mmoja, inaanza kuteleza kuelekea upande huo, na bawa la chini linapigwa na hewa kwa pembe kubwa kuliko la juu, linabeba zaidi, ndege inanyooka. Hakuna kompyuta wala kihisi. Umbo lenyewe ndiyo programu. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni jambo la kuvua kofia.

Redio zilikuja baadaye, na zile za mwanzo zilikuwa kichekesho kitamu. Rimoti ilikuwa na kitufe kimoja. Ndani ya ndege kulikuwa na raba iliyosokotwa, na kila ukibonyeza kitufe, raba inaachiwa kidogo na kuuzungusha usukani wa mkia. Bonyeza: kulia. Achia: katikati. Bonyeza tena: kushoto. Basi! Mawasiliano ya biti moja, na rubani lazima akumbuke kichwani zamu ni ya upande gani. Ukisahau, umekwisha. Nimeandika programu zenye hitilafu ya namna hiyo hiyo na nikalipwa mshahara.

Mimi sikwenda mbali hivyo. Hivi ndivyo nilivyotumia, kwa wale wanaopenda orodha:

- Rimoti na kipokezi cha 2.4 GHz, masafa yale yale ya Wi-Fi ya nyumbani
- Sevo mbili ndogo: moja ya usukani wa kulia na kushoto, moja ya kupanda na kushuka
- Mota ya umeme na propela
- Betri ya lithiamu ya seli tatu, volti 11.1
- Gundi nyeupe ya seremala, pini, msasa, wembe na pasi ya nguo

Abti alitaka injini ya dizeli ya wakati ule. Lakini mafuta yake si ya petroli stesheni. Ni mchanganyiko wa etha, mafuta ya nyonyo na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yapo kila duka. Ya nyonyo yanapatikana. Ila mimi kutafuta etha katika mji huu, na kuwaeleza watu ni ya nini? Hapana. Umeme.

Na hata umeme ulinipa jasho. Rimoti, mota na betri nilizinunua Nairobi, nikapanda basi la Garissa, kilomita kama 370. Aliyewahi kusafiri njia hii anajua: kabla ya daraja la Mto Tana watu hushuka, vitambulisho mkononi, mizigo inafunguliwa. Na mimi ndani ya begi nina waya, betri, antena na kitu chenye swichi. Mji huu ulizika vijana. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa kwenye Chuo Kikuu cha Garissa. Hakuna mtu hapa anayechukulia waya na betri kama mchezo, wala sitaki awepo.

Afisa akauliza, "Hii ni nini?" Nikamtolea ramani ya ndege niliyokuwa nimeikunja kwenye begi, nikaitandaza juu ya kiti cha basi. Akaiangalia kwa muda mrefu. Akamwita mwenzake. Wakaiangalia wote wawili. Mwishowe akaniuliza, "Na inaruka kweli?" Nikamjibu ukweli kwamba sijui bado. Akanirudishia begi na kunipa ushauri ambao ulinisaidia kuliko kitu chochote nilichosoma kwenye intaneti: "Usiirushe kabla watu hawajaijua."

Kwa hiyo kabla ya kumaliza bawa la kwanza nilikuwa nimeshakwenda kwa chifu, na kwa wazee wa mtaa, mifupa ya ndege ikiwa mkononi. Fikiria ndege zilizowahi kuonekana katika anga la huku. Mwaka 1940 ndege za Waitalia zilidondosha mabomu Wajir. Kisha zikaja za msaada, za miraa kuelekea Somalia, za jeshi, na mwaka 2020 za kunyunyizia dawa nzige waliokuwa wamekula malisho yetu. Kila ndege ilikuja na jambo lake. Mzee mmoja akaniuliza swali moja tu: "Ina kamera?" Nikasema haina, na haitakuwa nayo. Akaishika, akapitisha kidole kwenye mbavu, akasema, "Kama mbuzi wa kiangazi." Watu wakacheka, mambo yakaisha.

Upande wa serikali, Kenya ina kanuni za vyombo visivyo na rubani tangu 2020, na karatasi za kibali nitaziandikia makala yake siku nyingine maana ni hadithi ndefu. Mimi nilijiwekea mipaka yangu: zaidi ya kilomita 10 kutoka uwanja wa ndege, huko nje kwenye njia ya Modogashe, chini ya futi 400, mbali na nyumba na mifugo, bila kamera.

Ujenzi wenyewe ulifanyika usiku, maana mchana chumba changu ni tanuri. Unatandaza ramani juu ya meza, juu yake karatasi ya plastiki ili gundi isishike, kisha unapanga vipande juu ya mchoro na kuvishikilia kwa pini. Ubavu baada ya ubavu. Gundi ya seremala kwa joto letu inakauka haraka ajabu. Kitu kilichonishinda mwanzoni ni kwamba hakuna kurudi nyuma. Kwenye kompyuta nikikosea nabonyeza Ctrl na Z. Balsa ukishaikata imekatika. Nilijifunza kupima mara tatu, kitu ambacho miaka kumi na mitano ya kuandika programu haikunifundisha.

Jambo moja lilinifurahisha. Tumezoea kusikia kwamba hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo nikadhani Garissa ni mahali pabaya pa kurusha ndege. Nikapiga hesabu. Garissa iko kama mita 150 tu juu ya bahari, Nairobi inapita 1,600. Hata siku ya nyuzi 36, hewa yetu ni nzito kuliko ya Nairobi ya nyuzi 22 kwa asilimia kama 15. Ndege ingebebeka vizuri huku kuliko kule. Nilimpigia abti usiku ule ule kumwambia. Akacheka kama mtoto.

Sasa nifike pale ninapoona haya.

Mifupa ikiisha, unaivisha ngozi. Nilitumia karatasi ya plastiki inayonywea kwa joto: unaibandika, unapitisha pasi, inajivuta na kukaza kama ngoma. Ubaya ni kwamba ukiivuta upande mmoja kuliko mwingine, inalipinda bawa zima. Ndivyo nilivyofanya. Nilipoweka bawa la kushoto juu ya meza, ncha yake ilikuwa imepinda milimita 6, ukingo wa mbele ukitazama juu.

Dawa yake niliijua: kulipasha moto upya, kulipindua kinyume, kulishika mpaka lipoe. Kazi ya jioni moja au mbili. Lakini nilikuwa nimechoka, na Jumamosi ile nilikuwa nimewaahidi watoto wa mtaa. Nikajiambia, nitasawazisha kwa usukani. Nitauegemeza kidogo upande mmoja kwenye rimoti. Kiraka, kama tunavyofanya kazini.

Usiku ule abti akapiga simu ya video. Nikamwonyesha ndege imekamilika juu ya meza, binti yangu akiishikilia mkia. Abti akanyamaza, akasogeza uso karibu na kioo. "Abti, mbona ncha ya kushoto inatazama juu?"

Nikamwambia, "Ni kamera ya simu tu, abti. Inapinda vitu."

Jumamosi hiyo ya Agosti 2023 tulikuwa watu kama thelathini, wengi watoto. Ndege ilikimbia mita chache kwenye udongo mgumu, ikapanda. Wallahi ilipanda! Watoto walipiga kelele mpaka ngamia wa mbali wakageuza shingo. Ilikuwa inavuta kulia kwa sababu ya bawa lile kubeba zaidi, lakini kiraka changu cha usukani kilifanya kazi. Dakika nne nilijiona bingwa.

Kisha nikaanza kuishusha. Hapa naomba mnisikilize. Bawa hubeba kwa sababu linaikata hewa kwa pembe ndogo. Ndege ikipunguza mwendo, pembe inabidi iongezeke, na ikipita kiasi, bawa huacha kubeba kwa ghafla. Ncha yangu ya kushoto tayari ilikuwa na pembe kubwa kuliko mwili wote. Kwa hiyo penye mwendo lilikuwa bawa linalobeba zaidi, na mwendo ulipopungua ndilo lililoacha kubeba la kwanza. Ile ile kasoro, upande wa pili. Na usukani nilikuwa nimeuegemeza kushoto, ukiivuta huko huko. Kiraka changu kikawa kinasaidia ajali.

Ilianguka kwa bawa la kushoto, ikizunguka, kwenye mti wa miiba.

Kimya kilichofuata sitakisahau. Binti yangu alikuja akasimama karibu nami, akaniuliza taratibu, bila ubaya wowote, "Aabo, si abti alikwambia?"

Alikuwa amesikia yote. Alikuwa ameshika mkia.

Nilimpigia abti jioni ile, na nikamweleza kila kitu, pamoja na kamera. Nilidhani atanifokea. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mimi mikono yangu inatetemeka, abti. Wewe yako ina nini?" Kisha akaniuliza mbavu ngapi zimevunjika.

Zilikuwa saba, na mhimili wa bawa. Mhimili nilipeleka kwa fundi seremala pale sokoni, mtu wa vitanda na makabati, hajawahi kuona balsa maishani. Aliupima mkononi, akatikisa kichwa, kisha akakata pande zote mbili kwa mshazari mrefu, akaziunganisha uso kwa uso. Aliniambia kiungo kifupi hukumbuka kwamba kilivunjika, kirefu husahau. Hakutaka pesa. Alitaka kuiona ikiruka.

Ngozi mpya niliagiza Nairobi, na hapo mvua za El Niño zikaingia. Novemba 2023 Mto Tana ulifurika na barabara upande wa Madogo ikazama. Watu walipoteza nyumba na mifugo, kwa hiyo hata kutaja kifurushi changu wakati ule ilikuwa aibu. Kilifika Desemba. Nikaivisha upya, taratibu. Mama watoto alipitisha pasi huku mimi nikilishika bawa limepinduliwa kinyume, tukisubiri lipoe, tukipima, tukirudia. Usiku tatu. Safari hii sikuishia kwenye sifuri: ncha zote mbili nilizipindua zitazame chini milimita 3, sawasawa kushoto na kulia, ili katikati ya bawa iwe ya kwanza kuchoka na ncha ziwe za mwisho.

Abti alifika Januari 2024. Kutetemeka kulikuwa kumeongezeka. Chai alikuwa akinywa nusu kikombe ili isimwagike. Tulimpeleka uwanjani na kiti cha plastiki, fundi seremala akaja, yule mzee wa "mbuzi wa kiangazi" akaja. Nikairusha, nikaipandisha mpaka kama mita 80, nikaipunguzia moto, nikainyoosha. Kisha nikamwekea abti rimoti mapajani.

Akaitazama mikono yake. "Nitaiangusha."

"Usiguse kitu," nikamwambia. "Ishike tu. Ikitaka kupinda itajinyoosha."

Upepo ukaja, bawa moja likainama. Nikajizuia, mikono yangu mwenyewe ikitaka kuinyakua ile rimoti. Ndege ikateleza kidogo upande ule, kisha ikanyooka, taratibu, kama Hatfull alivyoiamuru mwaka 1946. Abti akaachia pumzi. Baada ya muda akaweka kidole gumba kwenye usukani. Kidole kilikuwa kinatetemeka, na mkia kule juu nao ukatetemeka kidogo, tuliuona. Lakini ndege haikujali. Ikafanya duara pana upande wa kulia, ikarudi juu ya vichwa vyetu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichotaka kufanya mwezi wa Agosti. Ile milimita 6 mimi ningeweza kuizoea. Vidole vyangu ni vizima, ningeisahihisha kila sekunde bila hata kujua. Yeye asingeweza. Nilikuwa nimeficha kasoro ambayo ingemuumiza mtu mmoja tu, yule niliyekuwa namjengea.

Nimerudi kazini na jambo hilo. Nina orodha ya viraka vyangu vya "tutarekebisha baadaye", na nimeanza kuipitia nikijiuliza ni nani kule nje asiye na mikono ya kuisahihisha.

Abti aliishika kwa dakika sita. Alipochoka alinirudishia rimoti bila kuondoa macho angani. "Ishushe wewe, abti," akasema. "Mimi nimesharudi na mbuzi."

Haya, hifadhidata wiki ijayo. Safari hii ni kweli.